Chujio la maji la mlimani: uliza kwanza kama limewahi kuganda

Malalamiko ninayoletewa yanafanana: mtu kanunua chujio lililotumika hapa Moshi, kapanda nalo Kilimanjaro kwa njia ya Machame, kashuka tumbo limevurugika. Akirudi dukani anaambiwa mbona maji yalikuwa yanapita vizuri. Yatapita, na hapo ndipo hatari ilipo.

Ndani ya chujio mna nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati na vitundu ambavyo bakteria hawapenyi. Likishatumika, unyevu haulitoki. Usiku kambi ya Barafu, mita 4,673, unyevu ule unaganda, unatanuka na kuzipasua nyuzi, kama soda iliyosahauliwa kwenye friza. Asubuhi linayeyuka, maji yanapita na vijidudu vyake, na kwa macho huoni kitu. Wanunuzi wanauliza uzito na bei. Kuganda hakuna anayekutaja.

Mimi nasimama na chujio la Sawyer Squeeze, jipya, ndani ya boksi lake. Vitundu ni mikroni 0.1, linafungika kwenye chupa nyingi za soda, na watengenezaji wenyewe wanasema hakuna njia ya uhakika ya kujua kama baridi imeliharibu, kwa hiyo likiganda litupwe. Kwa ukweli huo nawaamini. Usiku lifunge kwenye kifuko kisichovuja, ulale nalo ndani ya begi la kulalia.

LifeStraw, chujio la kunywea kama mrija, naipa nafasi ya pili, kwa matembezi ya chini kama maporomoko ya Materuni. Nayo isigande. Ukichota chini ya makazi ya watu ongeza dawa ya kutibu maji, kwani virusi hupenya yote mawili. Taa ya UV, ile ya kuua vijidudu kwa mwanga, siipendi: baridi inamaliza betri, na maji ya tope yanaishinda.

Vidonge vya WaterGuard ni rahisi, ila klorini yake haiui Cryptosporidium, kijidudu cha kuharisha. Kuchemsha kunatosha, dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Na ndugu zangu wa Arusha, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoondoa madini ya floraidi kwenye maji ya eneo la Maji ya Chai.

Kinachoniumiza ni bei. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, lakini ukiingia kuulizia vifaa vya mlima bado unatajiwa dola. Lililotumika linauzwa karibu sawa na jipya. Muulize muuzaji kalitoa wapi: aliachiwa na mgeni. Huyo mgeni alilala nalo Barafu, ndani ya begi au nje ya hema? Hajui, na hela yako anaitaka vilevile.