Uzoefu wangu: vyakula saba, pombe kali tano na meza isiyoelewana

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa pombe kali. Nilifuata chakula. Mgahawa wenyewe (jina naliacha, maana nina malalamiko) ulitangaza jioni ya kuonja: vyakula saba vidogo vidogo, na mahali pa mvinyo wangeweka pombe kali za asili kutoka nchi mbalimbali. Mezani tulikuwa sita. Kufika chakula cha tatu hakuna tulichokuwa tunakubaliana.

Meskali ya Oaxaca, Meksiko, ilifungua na chaza wabichi. Moyo wa mgave, mmea unaotoa meskali, huokwa siku kadhaa kwenye shimo lenye mawe ya moto kabla ya kupondwa na kuchachushwa, ndiyo maana kinywaji kinanukia moshi. Nzuri, hakuna aliyebisha.

Ugomvi ulianza kwa baijiu ya China, iliyokuja na nyama ya nguruwe. Mhudumu aliileta kwenye glasi za mvinyo zenye tumbo, akatwambia tuzungushe taratibu, tunuse, tuisikilize. Basi tukazamisha pua. Hii ilikuwa baijiu ya harufu nzito, ile ambayo mtama wake huchachushwa kwenye mashimo yaliyokandikwa udongo, na katika kuchacha huko huzaliwa kemikali iitwayo ethili heksanoati. Ikiwa kidogo inanukia nanasi. Ukiivuta kwa pumzi ndefu kutoka kwenye glasi pana, tena kinywaji kina kilevi cha zaidi ya asilimia 50, ni nanasi lililosahaulika kwenye buti la gari juani. Jirani yangu wa kushoto aliisukuma glasi mpaka katikati ya meza. "Jamani, hii ni gundi."

Wa kulia kwangu, ambaye amewahi kuishi Chengdu, China, alikuwa anacheka peke yake. Aliomba vikombe vidogo. Havikuwepo, tukaletewa vile vya chuma vya kupimia pombe kaunta. Akatumiminia kila mtu kama kijiko kimoja cha chakula. "Kula nguruwe kwanza. Mafuta yakiwa bado mdomoni, kunywa yote kwa mkupuo." Nikafanya hivyo. Mafuta yaliondoka ulimini kana kwamba yamepanguswa kwa kitambaa, na lile nanasi likapanda puani kwa nyuma, safari hii tamu na safi. Chupa ilikuwa ileile. Wa kushoto naye akajaribu hivyohivyo. Kwake ikabaki gundi.

Wala hakuwa anajifanya. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa maabara, unga wa kemikali iitwayo PTC ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu, Fox mwenyewe hakuhisi kitu. Baadaye ikajulikana kuwa tofauti hiyo inarithiwa. Sasa kama uchungu wa unga mmoja unaweza kuwepo kwa mtu na usiwepo kwa aliye kando yake, sioni kwa nini mhudumu alirudi mara mbili kumweleza yule bwana "ladha anayopaswa kuipata".

Chakula cha nne kilikuwa jongoo bahari, kimekuja bila kinywaji. Nilitafuna, nikasubiri ladha, haikuja. "Hufuati ladha hapo," akasema wa Chengdu, "unafuata meno." Ni kweli, wapishi wa Kichina huweza kukithamini kitu kwa jinsi kinavyoteleza na kukatika tu, ladha wakaiachia mchuzi. Mimi bado sijafika huko. Wa kushoto alikula chake kimya, kisha akamalizia na changu.

Wiski ya kisiwa cha Islay, Uskoti, ambayo shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya kinamasini, ililetwa na samaki wa kuvuta. Mwenzetu mmoja ni muuguzi. Aliinusa akasema, "Hii ni kazini," akairudisha. Mimi niliipenda kuliko zote.

Sasa malalamiko. Araki, pombe kali ya Mashariki ya Kati yenye kiungo cha anisi, ililetwa pamoja na kitindamlo, jambo ambalo tayari lilimshangaza dada mmoja mezani petu aliyekulia Lebanon. Kwao araki hukaa na vyakula vya kudokoa tangu mwanzo wa mlo. Kisha mhudumu akatanguliza barafu kwenye glasi, akafuatisha araki, halafu maji. "Ndugu yangu, samahani," akasema dada, "barafu huja mwisho." Ana sababu. Mafuta ya anisi hutulia ndani ya kilevi lakini maji hayayataki; ukiongeza maji, yanajitenga kwa vitone vidogo mno na kinywaji kinageuka cheupe kama maziwa. Barafu ikitangulia, baridi inayagandisha na utando unaelea juu. Tuliuona kwa macho yetu, mwembamba, unang'aa kama mafuta kwenye supu iliyopoa. Jibu la mhudumu: "Sisi hapa ndivyo tunavyoiandaa." Alitamka kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Dada aliomba glasi tupu akajitengenezea: araki, maji kama mara mbili yake, barafu. Akanipa nionje. Ilikuwa laini, baridi, haina utando. Na sikuipenda, kwa kuwa anisi hunikumbusha dawa ya kikohozi. Lakini sasa nilikuwa naikataa araki yenyewe, si uzembe wa kaunta.

Grapa ya Italia, inayotokana na makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa, ilifunga baada ya kahawa. Sina la kusema, nilikuwa nimechoka.

Jikoni nawapa nyota nne na nusu. Yule nguruwe peke yake anastahili safari. Uteuzi wa pombe nyota nne. Namna ya kuzileta mezani, mbili, na ya pili ni kwa ajili ya vile vikombe vya chuma walivyotupatia bila kununa. Ukienda, agiza barafu ikae pembeni, na usikubali glasi kubwa kwa baijiu. Yule jirani yangu wa gundi ameshaweka nafasi tena mwezi ujao. Anasema ni kwa ajili ya jongoo bahari.