Jamaa wa maji ya bahari: nyota moja, labda mbili, sijui

Naandika hii hasira hazijaisha kwahiyo mtanisamehe. Nafuga samaki wa maji chumvi hapa Tabata, tenki la lita 200, kila wiki mbili nabadilisha kama lita 40 hivi. Chumvi ya kopo ya kuchanganya mwenyewe bei yake bora ulipe ada ya mtoto, na bado utafute maji ya kuchujwa maana ya kisima huku kwetu yana mambo yake. Ndo nikaelekezwa kwa huyu jamaa, anakuletea maji ya bahari kwa kirikuu mpaka getini.

Safari ya kwanza na ya pili sikuwa na neno. Alichota Kigamboni maji yakiwa yamejaa, meupeee, nikapima chumvi ikasoma 35, yani kama gramu 35 kila lita, ndo bahari yenyewe, nikasema nimepata mtu.

Masika ikakolea. Pipa limekuja, nafungua mfuniko, jani la mkoko linaelea. Haya, nikajiambia bahari ina mengi. Napima: 25. Nafuta kioo cha kipimo, napima tena: 25. Nikatoa maji ya betri, yale distiledi, nikadondosha tone, ikasoma sifuri, kwahiyo kipimo kizima ila maji ndo nusu mto. Yani huyu mtu hajavuka hata daraja la kwenda Kigamboni, kachota palepale Salenda, mto Msimbazi unapomwaga baharini taka za mji mzima, mvua imepiga wiki nzima, halafu ananiletea mi niwawekee samaki wangu!

Nikampigia, akaja (hilo namsifu, mwingine angezima simu). Kipimo hata hakukiangalia. Kachovya kidole kwenye pipa, kakilamba, kanikazia macho: "Dada'angu chumvi ipo hii, onja mwenyewe." Nionje?! Na mvua hizi, na vyoo vyote vinavyofunguliwa mvua ikinyesha? Namwambia kaka, ulimi wako haujui 25 na 35 ila kamba wangu wa kwenye tenki anajua, anaweza akafa. Akacheka, eti "kamba si wa kukaanga tu dada". Mbele ya mwanangu, ambaye kamba yule kampa jina. Hela harudishi, imeishia kwenye mafuta.

Sasa ubahili ukaniponza. Badala ya kumwaga nikasema nitayakoleza, kopo la zamani lilikuwa na chumvi imebaki. Pipa lita 60, kila lita gramu 10, nikapima gramu 600 kwa mzani wa keki, nikamimina kidogo kidogo pampu ikizungusha, nikafunika vizuri nikaenda kulala. Umeme ukakatika usiku huohuo na mi nikasafiri kesho yake. Narudi baada ya siku kadhaa nafungua, mayai viza! Maji mabichi ya bahari yana vidudu hai kibao, ukiyafungia bila hewa wala mzunguko wanakufa humohumo wanaoza. Ningeyaacha kivulini na kitambaa tu juu pengine yasingefika huko. Hilo nakubali ni langu, la umeme nalo si lake, ndo maana nilitaka kuweka nyota mbili.

Lakini hebu subirini. Angeniletea ya Kigamboni ningekoleza nini? Chumvi ya gramu 600 nimemwaga chooni, pipa nimelisugua na siki mpaka mikono inauma na bado ukiinama unaisikia ile harufu, halafu mtu ananiambia nionje. Moja. Na hiyo moja ni ya zile safari mbili za mwanzo.

Jana kanitumia meseji kama hakijatokea kitu: "Dada jua limetoka, Jumamosi naenda Kigamboni, nikuletee?" Sijamjibu. Mapipa yangu yote mawili matupu na Jumapili ndo siku ya kubadilisha.