Alhamisi 24 za Nyali: nilivyoiona tiba ya saikodainamiki

Kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba, kila Alhamisi saa 11 jioni nilikuwa na miadi ya tiba hii ya nafsi kwa mazungumzo, huko Nyali, Mombasa. Vikao 24, kila kimoja dakika 50, kila kimoja shilingi 4,000. Bima yangu haikulipa hata senti, kwa hiyo shilingi 96,000 zimetoka mfukoni mwangu, na naona nina haki ya kusema wazi nilichopata na nilichokosa. Mtaalamu simtaji, wala jengo silitaji. Ninachokipima ni tiba yenyewe.

Nina miaka 44, natoa mizigo bandarini Kilindini. Kilichonipeleka ni usingizi na hasira. Mtu akichelewa, awe dereva, awe mke wangu, awe mwanangu akitoka madrasa, kifua kinanibana na maneno yanayonitoka si ya kumwambia mtu unayempenda. Mwaka juzi nilikwenda kwa mshauri mwingine, anayefuata tiba ya fikra na tabia. Alinipa karatasi za kujaza, akanifundisha kupumua na kuuliza kama wazo langu lina ushahidi. Usingizi ulirudi, na kwa hilo namshukuru. Hasira haikuondoka.

Saikodainamiki ina njia nyingine. Inashika kwamba mengi yanayotusukuma hatuyatambui. Kwamba tulivyopendwa, tulivyoachwa na tulivyogombezwa utotoni kumetuchimbia mifereji, na maji ya leo yanapita humohumo. Mtaalamu hakupi nasaha wala kazi ya kufanya nyumbani. Unaketi, unasema linalokujia hata likiwa la aibu au halina kichwa wala miguu, naye anasikiliza linalojirudia na lile unaloliruka.

Wengi huniuliza kuhusu kochi. Sikulala kwenye kochi. Kochi la Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi ambao ndio chimbuko la tiba hii, liko London, katika nyumba aliyohamia mwaka 1938 alipowakimbia Wanazi kutoka Vienna, na kulala kochini ni desturi ya uchambuzi kamili wa nafsi, ambao mtu huenda siku nne au tano kwa wiki. Mimi nilikuta viti viwili vilivyogeuzwa kidogo pembeni ili macho yasigongane kila dakika, boksi la tishu, na saa ndogo mezani.

Wiki za mwanzo zilinichosha. Naingia, "Shikamoo mama," naye "Marahaba, karibu," kisha kimya. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mgeni haachwi na kimya. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za siku nyingi. Kimya kile nilikiona ni kukosa adabu. Siku moja feri ya Likoni ilinikwamisha, nikafika nimechelewa dakika 18. Tulimaliza saa ileile ya kila siku na nikalipa bei kamili. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Alichosema tu ni, "Inaonekana leo umekuta mlango umefungwa." Nikatoka bila kuaga, lakini maneno yale nilivuka nayo feri, nikala nayo, nikalala nayo.

Agosti akaenda likizo wiki mbili. Alikuwa ameniambia mwezi mzima kabla, na nilimwambia haina neno. Aliporudi, Alhamisi ile saa 11 nilikuwa soko la Kongowea nikichagua mananasi. Miadi ilinitoka kabisa kichwani, mimi ambaye sijawahi kusahau meli inayoingia.

Wiki iliyofuata akaniambia, "Mimi sikuwepo wiki mbili, kisha wewe hukuja. Sijui kama hayo mawili yanajuana." Nieleze kwamba mpaka siku hiyo tulikuwa tukizungumza Kiingereza. Nilichagua mwenyewe, niliona ni jambo la ofisini, na Kiingereza ndiyo lugha ya karatasi zangu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kazi zilinibana. Kisha ikanitoka kwa Kiswahili: "Labda nilisusa."

Akauliza, kwa Kiswahili, "Ulimsusia nani?"

Babaangu alikwenda Muscat mwaka 1988, nikiwa na miaka saba. Aliahidi kurudi Idi. Niliketi barazani na kanzu mpya tangu asubuhi hadi adhana ya isha, na mamaangu alipoleta sahani ya biriani sikuigusa. Baba alirudi baada ya miaka minne na halua ya Maskati. Wenzangu waliila. Mimi sikuionja, na mpaka leo siili. Miaka yote nilidhani siipendi tu.

Dakika 30 zilizobaki nililia, na nilizungumza lugha niliyoachwa kwayo na kususia kwayo. Kiingereza kingenipa maneno matatu manne ya kuzunguka jambo lile, nami ningejificha nyuma yake. Wanasaikolojia huziita njia hizi za kujificha kinga za nafsi, na Anna, bintiye Freud, alizichambua katika kitabu chake cha mwaka 1936. Yangu ilikuwa hii: aliyeachwa anajigeuza kuwa mwenye kuacha. Na nilikuwa nimemvika mama huyu wa Nyali joho la babaangu bila kujua. Kumhamishia mtaalamu hisia za mtu wa zamani ndiko tiba hii inakokusubiri, maana hapo jambo halisimuliwi tena, linatokea mbele yenu wawili.

Baadaye nilisoma habari za Bertha Pappenheim, mgonjwa wa daktari Josef Breuer huko Vienna kati ya 1880 na 1882. Katika ugonjwa wake Kijerumani, lugha ya kwao, kilimpotea, akawa anasema Kiingereza tu, na ni kwa Kiingereza hicho ndipo alipoyapa mazungumzo yao jina la tiba ya kusema, na pia kufagia dohani. Breuer na Freud walichapisha kisa chake mwaka 1895. Nilikisoma mara mbili. Nami nilikuwa nimeiacha lugha ya nyumbani mlangoni. Ila msomaji ajue kwamba Bertha hakupona moja kwa moja kama ilivyosimuliwa. Mwaka 1882 hiyohiyo alilazwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nguvu zake zilirudi taratibu, na mwaka 1904 akaanzisha shirikisho la wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani.

Sasa tathmini. Kama una hofu kali inayokushika kwenye matatu leo, anza na tiba ya fikra na tabia, itakupa cha kushika haraka. Hii ni ya mtu anayeona kosa lilelile likijirudia kwa watu tofauti. Ni ghali na ni ya polepole. Vikao kama saba nilitoka nikiona nimepoteza pesa. Ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba, nasikia simu ya chumba cha pili, na kwa sababu hiyo kuna mambo nilisema kwa sauti ya chini au sikusema. Hilo ni kasoro kubwa kwa huduma ya namna hii na nilimwambia. Kuhusu kama inafanya kazi, mwanasaikolojia Jonathan Shedler wa Marekani alikusanya tafiti mwaka 2010 akaonyesha kwamba faida yake inalingana na ya tiba nyingine na huendelea kukua baada ya vikao kwisha. Wapo waliombishia. Mimi nasema ya kwangu: mwanangu akichelewa kifua bado kinabana, lakini sasa namjua anayebanwa, ni mtoto wa barazani, na napata muda wa kunyamaza kabla ya kufungua mdomo. Mke wangu ameliona hilo kabla sijamwambia.

Ukitaka kujaribu hapa Kenya, omba kuona leseni. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014 na bodi inayowasajili. Uliza anazungumza lugha gani, na kama unaruhusiwa kuchanganya. Uliza kuhusu malipo ya siku usiyofika, kwa sababu ile Alhamisi ya Kongowea nililipa. Na muulize mapema likizo yake ni lini.