Barakoa ya joto ya macho na mataulo ya hotpoti: kipi kinayeyusha mafuta ya kope?

Anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana blefaritisi, yaani uvimbe sugu wa kingo za kope, mara nyingi hutoka kliniki na maelekezo mafupi: kanda kwa maji moto, safisha kope, rudi baada ya mwezi. Haambiwi maji yawe moto kiasi gani wala akande kwa dakika ngapi. Akiingia mtandaoni anakutana na barakoa za shanga, vitambaa vya kufutia kope, mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) na vidonge vya mafuta ya samaki, kila kimoja kikisifiwa kuliko kingine. Tathmini hii imejikita zaidi kwenye kukanda, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo nafuu nyingi hupatikana.

Ukijua kinachotokea ndani ya kope, utajua kifaa kipi kinastahili pesa yako. Kope zina vitezi vya mafuta vilivyopangwa wima, vinavyoitwa vitezi vya Meibom kwa jina la daktari Mjerumani aliyevieleza mwaka 1666. Kope ya juu inavyo kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30. Kila ukipepesa jicho vinatoa mafuta kidogo yanayotanda juu ya machozi ili yasikauke upesi. Blefaritisi ikiwa ya upande wa nyuma, yaani ya vitezi hivi, mafuta hayo yameshakuwa mazito. Daktari akibonyeza ukingo wa kope yenye afya, mafuta hutoka maangavu kama ya alizeti. Kope iliyoharibika hutoa kitu cheupe, kizito, kama dawa ya meno inayokamuliwa. Vitundu vinaziba, machozi yanakauka, jicho linakwaruza kama lina mchanga, kisha linatiririka machozi kujaribu kujiokoa. Ndiyo maana mtu mwenye macho makavu analalamika kwamba macho yanamtoka maji.

Blefaritisi ya upande wa mbele iko kwenye mashina ya nywele za kope: magamba kama mba, bakteria, au utitiri uitwao Demodex, wenye urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4. Watu wengi wana ya mbele na ya nyuma kwa pamoja.

Samli iliyoganda haimiminiki mpaka ipate moto, na mafuta ya kope ni vivyo hivyo. Lengo ni upande wa ndani wa kope ufike nyuzi 40 za Selsiasi na ubaki hapo kwa dakika kadhaa, bila ngozi ya nje kuzidi nyuzi 45, kwa kuwa ngozi ya kope ni nyembamba sana na huungua kirahisi. Nafasi ya kukosea ni nyuzi tano tu. Kila kifaa kinapaswa kupimwa hapo: je, kinafika, na je, kinadumu?

Taulo moja lililochovywa kwenye maji moto linafika, lakini halidumu. Likikamuliwa na kuwekwa usoni, joto lake linashuka haraka, na baada ya dakika 2 limeshakuwa vuguvugu. Anayelala nalo dakika 10 bila kulibadilisha amekanda dakika 2 na kujipoza dakika 8. Wengi wanaosema "nilikanda mwezi mzima sikuona kitu" walikwama hapa.

Barakoa ya shanga imetengenezwa kutibu udhaifu huo. Inayojulikana sana Marekani ni ya Bruder, inayouzwa huko kwa kama dola 20. Zipo nyingine nyingi za mtindo huohuo. Ndani yake mna shanga ndogo zinazonyonya unyevu wa hewani. Ukiipasha kwenye maikrowevu, unyevu huo unatoka kama joto lenye majimaji, na joto la aina hiyo huipenya kope kuliko joto kavu. Maelekezo ni sekunde 20 hadi 25. Maikrowevu zenye nguvu ndogo zinahitaji zaidi, ila ongeza sekunde 5 kwa mara moja, usiruke kutoka 20 hadi 40. Kabla ya kuiweka machoni, itikise shanga zichanganyike, maana maikrowevu nyingi hupasha upande mmoja kuliko mwingine, kisha ibandike ndani ya kifundo cha mkono kwa sekunde 10. Pakichoma hapo, kope itaungua.

Sifa yake kubwa ni uvivu inaouruhusu. Unafunga mkanda, unalala chali dakika 10, hakuna beseni wala maji yanayochuruzika shingoni. Ugonjwa huu unadai kukandwa mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, kisha mara moja kwa siku pasipo kikomo, kwa hiyo urahisi si jambo dogo. Kifaa bora kinachoachwa kabatini baada ya siku tisa hakina faida.

Kasoro zake zipo. Haina kazi umeme ukikatika, na nyumba isiyo na maikrowevu haiihitaji kabisa. Kuipasha kwenye sufuria au juu ya jiko la mkaa kutaunguza kitambaa. Ukiipasha mara mbili mfululizo, shanga huwa zimeshapoteza unyevu na zinatoa joto kavu tu, hivyo iache ipoe na inyonye unyevu tena. Isikae ndani ya mfuko wa plastiki. Inashika mafuta ya uso na vipodozi, kwa hiyo nawa uso kabla, ifue kwa mkono na sabuni laini, na usiipashe ikiwa bado imelowa. Usiazimishane hata na mwenzako wa kitandani: bakteria na utitiri hupita hapo. Mkanda nao usikazwe. Kazi ni ya joto, na kuikandamiza mboni iliyopata moto kunaweza kupinda umbo la kioo cha jicho kwa muda. Uoni wa ukungu unaobaki kwa dakika chache baada ya kukanda unatokana na hilo pamoja na mafuta yaliyotoka.

Mpinzani wa barakoa ni furushi la mataulo, na kwa maoni yetu halipewi heshima linayostahili. Chukua mataulo madogo matano. Yalowanishe kwa maji moto, yakamue, kunja la kwanza liwe mviringo, zungushia la pili, kisha la tatu, hadi upate furushi kama kabichi dogo. La nje linayatunzia joto ya ndani. Unatoa la nje, unalaza juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 2, unachukua linalofuata. Mataulo matano ni dakika 10 za joto linaloanza upya kila mara. Mwenye maikrowevu ayalowanishe kwa maji ya bomba badala ya moto, kisha apashe furushi kwa dakika kama 2. Pasipo maikrowevu, hotpoti ya ugali inatosha: isuuze kwa maji ya moto, mwaga, weka furushi ndani, funga kifuniko. Funua sekunde chache tu unapochomoa taulo.

Maji ndiyo yanayokosewa. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, kikombe 1 cha maji yanayotokota kwa vikombe 2 vya maji ya bomba hukupa takriban nyuzi 50, na taulo likishakamuliwa linafika usoni likiwa karibu na 45. Nairobi kipimo hichohicho kinakuangusha: kule juu maji hutokota kwenye nyuzi kama 94, na ya bomba ni baridi zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unaishia nyuzi 43 au 44 kabla hata hujakamua. Tumia kikombe 1 kwa kimoja na nusu. Kifundo cha mkono ndicho hakimu katika hali zote.

Hukumu yetu: kwa joto peke yake, furushi halishindwi na barakoa. Barakoa inashinda kwa wepesi. Mwenye umeme wa uhakika na kazi ya kutoka alfajiri anunue barakoa. Mwingine yeyote abaki na pesa yake na mataulo matano. Soksi iliyojazwa mchele tunaiweka ya tatu, kwa sababu joto lake ni kavu, hupata sehemu zenye moto mkali, na mchele uliopashwa mara nyingi unaungua ndani kwa ndani. Yai lililochemshwa na kiazi cha moto hatuvishauri kabisa: nje vimeshapoa mkononi, ndani bado vinachoma.

Joto peke yake halimalizi kazi. Ndani ya dakika moja au mbili baada ya kukanda, kabla mafuta hayajaganda tena, fumba macho na usukume kwa ncha ya kidole safi kuelekea mstari wa nywele: kope ya juu kutoka juu kwenda chini, ya chini kutoka chini kwenda juu, mara 5 hadi 10 kila sehemu. Kidole kipite juu ya kope, kisizame kwenye mboni. Wavaao lenzi wazitoe kabla ya yote.

Ndipo usafi unafuata. Vitambaa vilivyotiwa dawa, kama Blephaclean au OCuSOFT, ni vizuri na ghali. Kwa anayesafiri au mwenye mikono inayotetemeka vinafaa sana. Nyumbani, robo kijiko cha chai cha baikabonati ya kuokea katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa inafanya kazi, ikitengenezwa upya kila siku. Tunasisitiza: ni ule unga mweupe laini wa kuokea. Magadi ya mawe ya kulainishia maharage ni makali zaidi, na yasikaribie jicho. Shampuu ya mtoto, matone 3 hadi 5 katika nusu kikombe cha maji, ndiyo ushauri wa zamani. Huondoa magamba, ila uchunguzi uliofanywa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ulionyesha kwamba inaweza kupunguza ute unaolinda uso wa jicho. Itumie ukikosa kingine. Chochote utakachochagua, futa kwa pamba iliyolowa kwenye shina la nywele, kushoto kwenda kulia, jicho likiwa limefumbwa, na kila jicho lipate pamba yake. Tongotongo lililokauka usilibandue kwa ukucha, liloweshe lilainike.

Mafuta ya mti wa chai yanauzwa kana kwamba kila mwenye blefaritisi ana utitiri. Dalili ya Demodex ni mahususi: magamba meupe yanayouzunguka mzizi wa unywele kama pete kidoleni, na daktari anayaona akikwambia utazame chini. Bila hayo, hakuna sababu ya kuyanunua. Mafuta hayo yakiwa hayajachanganywa huunguza kioo cha jicho, na kiambato chake kikuu kimeonekana maabara kikidhuru seli za vitezi vilevile tunavyojaribu kuviokoa. Marekani iliidhinisha mwaka 2023 matone ya lotilana, dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa Demodex ya kope: mara 2 kwa siku kwa wiki 6.

Vidonge vya omega-3, vile vya mafuta ya samaki, tunaviweka chini kabisa. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2018, watu wenye macho makavu walipewa miligramu 3,000 kwa siku kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu kuwazidi waliopewa mafuta ya zeituni. Pesa hiyo inunue machozi bandia, na kama unayatia zaidi ya mara 4 kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe huchoma uso wa jicho.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote ni matone ya dukani yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe ya kundi la steroidi. Yanauzwa bila cheti, yanaondoa wekundu kwa siku mbili, na mgonjwa anaamini amepona. Yakitumiwa kwa miezi bila usimamizi yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Steroidi ina nafasi yake katika blefaritisi, kwa muda mfupi na kwa mkono wa daktari. Vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini ambavyo daktari huweza kuongeza navyo si vya mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Mwambie hali yako kabla hajaandika.

Rudi kliniki mapema ukipata maumivu makali, mwanga ukikuumiza, au uoni ukipungua na usirudi. Chokea inayoota mahali palepale kila mara, au kope ya upande mmoja inayovimba na kunyonyoka nywele bila kusikia dawa, inahitaji kukatwa kipande kipimwe, kwa sababu kuna saratani ya vitezi vya mafuta inayojificha kwa sura ya blefaritisi.

Wanja nao unaingia katika hesabu. Ukipakwa ndani ya mstari wa nywele, unakaa juu kabisa ya vitundu vya mafuta na kuvifunika, kwa hiyo kazi ya asubuhi inafutika mchana. Baadhi ya wanja wa asili kutoka Uarabuni na Asia ya Kusini umekutwa na madini ya risasi. Katika wiki 6 za mwanzo uache kabisa, pamoja na kope za kubandika na gundi yake. Ukirudi kwake, paka nje ya mstari, ondoa kila usiku kabla ya kukanda, na kichupa na kijiti ulivyotumia macho yakiwa yamevimba vitupe.