Rangi imefubaa baada ya kufuta mkwaruzo: ununue nini kwanza?

Mkono wa boda ulinikwaruza mlango kwenye foleni ya Wandegeya, Kampala, ukaacha mstari wa urefu wa kiganja. Nikachukua msasa wa maji namba 800 nikasugua mpaka mstari ukatoweka. Jioni, jua lilipoinama, mlangoni palikuwa na doa la ukungu kubwa kama sahani. Kama nawe umefika hapo, usikimbilie dukani bado.

Osha vumbi la barabara ya murami kwanza, maana lenyewe hukwaruza, kisha lowesha doa. Likipotea likiwa na maji na kurudi likikauka, klia, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, bado ipo. Imejaa vikwaruzo vidogo vinavyotawanya mwanga. Likibaki vilevile, huenda klia imekwisha, na hakuna polishi ya kuirudisha. Klia ya kiwandani huwa kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, na kila msuguo huipunguza. Ndiyo maana nasisitiza: nunua kitu laini kabla ya kikali.

Namba moja kwangu ni kompaundi ya kati, yaani dawa ya kusaga vikwaruzo, na polishi ya kumalizia, pamoja na sponji mbili na vitambaa vya maikrofaiba. Kwa doa la mlango mmoja, mkono unatosha ukiwa na subira. Ila alama za msasa mkali hazitoki kwa kompaundi peke yake. Ilinibidi nipite na msasa laini zaidi, namba 1500, 2000, halafu 3000, kwa maji yenye tone la sabuni na mkono mwepesi, ndipo kompaundi ikafanya kazi. Kila dawa na sponji yake. Ukizichanganya, ukungu unarudi. Fanya asubuhi kivulini, kwa sababu bodi yenye moto hukausha dawa kabla haijasaga. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari lako halina klia (baadhi ya Toyota nyeupe zenye namba ya rangi 040 ziko hivyo), basi unasugua rangi yenyewe. Punguza nguvu.

Ya pili ni mashine ya polishi, ile inayozunguka huku ikitikisika. Inafaa ukiwa na boneti nzima ya kurudisha, au gari jeusi linaloonyesha kila kosa. Ile ya kuzunguka tu mwachie fundi aliyeizoea, kwani huchoma rangi haraka kwenye kingo.

Kompaundi kali ya kukata naiweka ya tatu, ingawa ndiyo wengi huanza nayo. Inaondoa alama nzito lakini huacha ukungu wake mwenyewe, kwa hiyo bado utanunua polishi ya kumalizia.

Nta ni ya nne. Inang'arisha kwa muda tu, ikiisha doa linajitokeza tena. Ipake mwisho, kazi ikishakamilika. Kabla ya kuipaka, futa mlango kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili uone kama doa limetoka kweli au limefunikwa na mafuta ya polishi. Dawa ya meno na sabuni ya unga ya kusugulia sufuria siziweki popote. Nimeona milango iliyoharibiwa nazo.

Kupiga rangi upya ndiyo njia ya mwisho na ya gharama kubwa, lakini klia ikishatoboka ni hiyo tu. Ukienda kwa mafundi wa Kisekka au Ndeeba, nenda na namba ya rangi. Kwenye Toyota zilizotoka Japani iangalie kwenye kibao ndani ya boneti, palipoandikwa C/TR, au kwenye nguzo ya mlango. Usikubali rangi ichanganywe kwa macho. Mwombe fundi apake kidogo kwenye kipande cha bati, kikauke, mkilinganishe na gari juani. Kabla ya kulipa, muulize atapiga klia mikono mingapi. Mbili ni kawaida. Rangi mpya isipakwe nta kwa mwezi mmoja hivi, inahitaji kupumua ili ikauke hadi ndani.