Mashine za kaunta za 2015: mbili nimezikarabati, moja nimeizika

Mie n'na minimati huku Likoni, Mombasa, si kubwa, kaunta tatu tu, na zote tatu zilikuwa na zile kompyuta za kuuzia zenye skrini ya tachi tulizonunua 2015. Miezi miwili nimezunguka nikiuliza watu nikarabati au ninunue mpya, na karibu kila niliyemuuliza ni muuzaji, sasa muuzaji atakwambia nini zaidi ya nunua.

Nianze na ile ya kaunta ya kwanza maana ndiyo iliyonifundisha. Stima ikipotea usiku, asubuhi ukiiwasha risiti zatoka na tarehe ya miaka ya nyuma huko, na siku hizi risiti yenye tarehe ya uongo ni balaa na KRA, watu wa kodi. Jamaa mmoja wa duka la mashine akaniambia bodi imekufa, hapo hapo akanitolea bei ya mpya elfu sitini na tano. Kumbe ni ile batri ya duara kama sarafu, CR2032, inayoshika saa mashine ikiwa imezimwa! Shilingi mia na hamsini. Fundi wa mjini alicheka mpaka nikaona haya.

Huyu fundi ndiye nnayetaka kumsifu hapa. Mashine nilimpelekea mwenyewe kwa feri, nimezifunga kwa leso ya mke wangu zisigongwe, mama mmoja akaniuliza mwanangu hiyo tivii waiuza ngapi. Ya pili shida yake ilikuwa kujikokota, keshia abonyeza sukari kilo mbili halafu mashine yakaa kufikiria kwanza, na Ramadhani saa kumi na moja jioni laini imefika mlangoni kila mtu ana tende na maziwa ataka awahi kufuturu, hapo utatukanwa na watu wenye saumu. Akaitoa diski ya zamani ile ya kuzunguka akatia SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya giga 256, ramu ile kumbukumbu ya kufanyia kazi kutoka giga 2 mpaka 8, akasafisha vumbi lililoziba matundu ya hewa. Zamani ukiiwasha waenda kunywa chai urudi, sasa haimalizi dakika. Elfu tisa na kitu pamoja na kazi yake, na ya kwanza nayo nikamwambia aifanye vivyo hivyo.

Ya tatu alipoifungua aliniita nione. Tundu za USB zina kutu, bodi imeota ukijani, chumvi ya bahari hiyo, kaunta yenyewe ndiyo iliyo karibu na mlango. Ndiyo maana skana ilikuwa yashika ikitaka, na kwenye skrini ukigusa unga yaja sabuni. Akanambia bosi naweza kuitengeneza na pesa nikala, lakini utarudi kabla ya mwezi. Sikumlazimisha.

Lakini msikimbilie fundi bado. Mashine sio mushkili mkubwa, mushkili ni programu iliyo ndani. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara akitaka matumizi yake yakubaliwe kwenye kodi lazima awe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za mtandaoni, na mie wateja wangu wazuri ni wenye mikahawa wanaobeba mafuta kwa mitungi na mchele kwa magunia, kila mmoja ataka risiti yenye PIN yake ya kodi. Programu yetu ya zamani haikuwa yajua eTIMS ni nini na aliyetuuzia simu hashiki. Nikawa nauza kwa mashine halafu usiku nakaa naingiza ankara moja moja kwa mkono kwenye mtandao wa KRA, mke amelala mie nabonyeza. Kama programu yako haiwezi kuzungumza na eTIMS na mwenyewe hapatikani, hiyo SSD ni kupaka rangi jahazi lenye tundu. Mie nilitafuta programu mpya kwanza, nikahakikisha yakubali kwenye mashine kuukuu, kijana wa hiyo programu akanihamishia stoku yote kwa elfu kumi na tano, ndipo nikamtafuta fundi.

Nilijaribu pia zile mashine ndogo za Android za kushika mkononi, kampuni sitaitaja. Wiki mbili. eTIMS imo ndani kwa ndani, hilo nawapa, na M-Pesa yaingia vizuri. Ila bidhaa zangu zapita elfu nne na kutafuta kitu kisicho na bakodi kwenye skrini ya kiganja ni mateso, intaneti ikiyumba nayo yayumba, na malipo ni ya kila mwezi kwa kila kaunta milele na milele. Ilipogoma nikapiga simu nikaambiwa fundi yuaja ila kuna foleni ya feri. Siku tatu foleni ya feri! Mwenye kibanda cha vitu hamsini itamfaa sana, mie niliwarudishia.

Pahali pa ile ya tatu nimeweka kompyuta ndogo ya mtumba, prosesa yake Intel i5 ya kizazi cha nane, elfu ishirini na nne, na skrini ya kawaida. Hicho kizazi cha nane si cha kujionyesha, chini ya hapo kwa Intel Windows 11 haikutaki. Droo ya pesa na printa ni zile zile, maana droo hufunguliwa na printa kupitia ule waya kama wa simu, haijali kompyuta ni gani. Yule wa elfu sitini na tano alitaka nibadilishe hata droo. Keshia alinuna wiki nzima kukosa tachi, sasa kwa kibodi awashinda wenzake.

Ubaya wa zile mbili nilizokarabati nausema pia. Zina prosesa ya zamani, Celeron J1900, Windows 11 haziwezi, na Windows 10 ya kawaida Microsoft waliiwekea mwisho wa apdeti Oktoba 14, 2025. Kuna toleo la Windows 10 la mashine za kazi, LTSC 2021 ya IoT, hilo lina apdeti mpaka Januari 2032 lakini laiseni yake si ya kuokota dukani, fundi bado anitafutia. Kwa sasa nimezifungia, hakuna Facebook hakuna flashi, ni kuuza tu, na nimezihesabia miaka miwili. Zikipita hapo ni bahati yangu.

Fundi nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu alisema Alhamisi nikazipata Jumatatu, na ile leso mpaka leo hajanirudishia, na nyumbani naulizwa kila siku.