Niliagiza Toyota IST, ajira yangu ikaisha, nikapanda ngazi kudai kianzio changu

Jina la ofisi sitaliandika. Kwanza, walinirudishia sehemu kubwa ya hela yangu. Pili, Mbeya ni ndogo, na yule mzee mwenye ofisi bado tunakutana misibani. Jueni tu ni wakala wa kuagiza magari Japan, yuko ghorofani kati ya Kabwe na Mafiati, na ngazi zake hazina pa kushika. Hizo ngazi nimezipanda mara tisa: mara mbili nikienda kununua, saba nikienda kudai.

Maoni mengi ninayosoma kuhusu mawakala huandikwa na watu walioshakabidhiwa funguo. Gari limefika, limepigwa picha na mtoto kwenye boneti, asanteni sana mmetutendea haki. Sawa, hongereni. Mimi niliagiza nikaghairi katikati, na huko nilikutana na watu wengine kabisa ndani ya ofisi ileile.

Nilikuwa mtunza takwimu kwenye mradi wa VVU uliotegemea fedha za Marekani. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi, kwa hiyo miradi ya namna hiyo huku kwetu ilikuwa mingi, na kazi zake tulizihesabu kama za serikali. Tunaishi Isyesye. Anayeijua Isyesye ya masika hahitaji kuelezwa kwa nini mama wa watoto wawili anataka gari. Bajaji inakushusha kabla ya kwenu, unavua viatu, unambeba mdogo mgongoni, mkubwa unamvuta kwenye tope, na vitenge viwili vya kufua vinakusubiri jioni.

Kwenye kuuza, wale watu wanajua kazi. Nilikwenda nikitaka IST ya cc 1,290 kwa sababu ya mafuta. Kijana wa mauzo akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Tukuyu. Akasema, "Mama, utapanda Uporoto na watu wanne ndani, na mikungu ya ndizi kwenye buti ukirudi. Chukua ya cc 1,490, utanikumbuka." Akanifungulia karatasi ya mnada na kunisomea alama zake moja moja, mpaka mkwaruzo wa mlango wa nyuma. Akanionyesha picha za chini ya gari nione kutu.

Kwenye kodi pia hakunidanganya. Alifungua kikokotoo cha TRA mbele yangu, akaingiza mwaka 2006, tukaona wote: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na ule wa uchakavu kwa kuwa gari lilishapita miaka kumi. Jumla ilikaribia milioni saba. Najua watu walioonyeshwa bei ya CIF peke yake, yaani gari, bima na meli mpaka bandarini, wakafurahi, wakaja kuishiwa nguvu gari likiwa bandarini linahesabiwa siku. Huyu kijana alisema yote mapema.

CIF yenyewe ilikuwa dola 3,350, na masharti yao ni nusu kwanza, nusu kabla hati ya meli, ile inayoandikwa jina la mwenye gari, haijatoka. Nusu ni dola 1,675. Kwa kiwango chao cha siku hiyo, shilingi 2,480 kwa dola, ikawa 4,154,000. Kijana akataka niitume kwenye simu yake "ili iende haraka". Nikakataa. Tarehe 14 Januari 2025 nikaenda benki, nikalipa kwenye akaunti ya kampuni, nikatunza karatasi. Waliponipa risiti ya kitabu iliyoandikwa kwa kalamu nikadai ya EFD, ile ya mashine ya TRA, wakanizungusha siku tatu, nikaipata. Mume wangu akasema nina maneno mengi kwa watu wanaonihudumia vizuri. Alikuja kuyafuta maneno hayo.

Mkataba wao sasa. Ni ukurasa mmoja. Juu una picha ya gari ambalo si langu, katikati bei, chini kabisa, chini ya mhuri, mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa: malipo ya awali hayarudishwi. Hausemi mteja akishindwa kabla gari halijapakiwa inakuwaje, na akishindwa likiwa baharini inakuwaje. Hausemi wakikata wanakata kwa hesabu ipi. Nilisaini, nisimsingizie mtu. Nilikuwa na kazi, na mwenye kazi hasomi herufi ndogo.

Jumatatu ya tarehe 27 Januari tukaambiwa tusimame. Misaada ya Marekani imesitishwa, inapitiwa kwa siku 90, kompyuta zirudishwe stoo. Dereva wetu alikabidhi funguo za Land Cruiser, akabaki amesimama kando yake, mkono juu ya boneti, kama anampoza mgonjwa. Wenzangu wengi walisema tutarudi tu, tuvumilie. Huenda nami ningevumilia kama nisingekuwa na gari Yokohama.

Usiku ule tulipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Dola 1,675 zilizobaki, milioni saba za kodi, bima, dereva wa kulileta kutoka Dar na mafuta ya kilomita mia nane na ushee. Fedha hizo zilikuwa zitoke kwenye mkopo wa SACCOS, na SACCOS haikopeshi mshahara uliosimama. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mshahara wake unatosha chakula na ada, na hapo ndipo unapokata roho.

Sikungoja siku 90. Tarehe 4 Februari nikapanda ngazi.

Kijana alinipokea kwa tabasamu lilelile, nikamweleza, tabasamu likabaki usoni ila macho yakaondoka. "Mama, usikate tamaa mapema. Gari likifika unalipiga mchomoko wa abiria Uyole–Tukuyu, linajilipa lenyewe." Nikajiona na miaka yangu 38, nimepakia watu sita kwenye gari la watu watano, nawakimbia trafiki. Nikaomba kumwona mwenye ofisi.

Mzee ni Mnyakyusa mwenzangu. Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, ugonile tata, nikidhani kabila litanisaidia. Akaitikia vizuri sana, akaniuliza ukoo, akamjua babu yangu. Kisha akavaa miwani na kunionyesha ule mstari wa chini ya mhuri.

Nimtendee haki: hoja yake moja ilikuwa na uzito. Gari lilishanunuliwa mnadani, na nusu ya pili ofisi iliitanguliza kwa fedha yake. Lilikuwa yadi likingoja meli ya mwisho wa Februari. Hakuwa amekalia hela zangu mezani. Lakini nilipouliza, basi mkiliuza tena nitarudishiwa ngapi, hakuna aliyekuwa na jibu moja. Siku ile jibu lilikuwa hakuna kitu. Wiki iliyofuata likawa "tutaangalia". Wiki nyingine wakasema watakata dola 500. Nilipouliza za nini, nikaambiwa za usumbufu. Nani amemsumbua nani, mimi ndiye ninayepanda ngazi.

Shemeji yangu mmoja yuko mahakamani, si hakimu, ni karani, lakini karani wa miaka ishirini anajua kuliko mnavyodhani. Akaniambia nisome Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74. Kwa maneno yake, hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukiuvunja, mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho, si lazima kiasi chote. Nikachapisha ukurasa ule stationery kwa shilingi mia mbili. Mzee aliusoma, akaukunja vizuri, akanirudishia. "Mwanangu, unataka tufike huko?" Nikasema sitaki. Kweli sikutaka. Kesi ya milioni nne ingenilia nauli na muda, na muda ndio pekee niliokuwa nao kwa wingi, sikutaka kuumalizia kwenye mabenchi ya mahakama.

Aliyenitoa ni dada wa hesabu. Nampa aya yake peke yake kwa sababu ndiye mtu pekee katika ofisi ile aliyekuwa anapokea simu yangu. Siku ya tatu ya kudai alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akajifanya ananionyesha njia, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, hati ya meli bado haijatoka. Ukileta mtu wa kulichukua gari hilohilo, wanabadilisha jina tu. Mzee atakosa la kusema."

Nilishuka zile ngazi nikikimbia. Nikapiga simu kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake, hadi fundi cherehani. Siku ya nne akapatikana nesi wa Chunya, rafiki wa dada yangu, aliyekuwa anahangaika na IST miezi mingi na alishaogopa matapeli wa mtandaoni. Akaja Jumamosi, akaziona picha, akaisoma karatasi ya mnada, nikamwonyesha na mkwaruzo wa mlango. Akauliza kwa nini naliacha kama ni zuri hivyo. Nikamwambia. Akanishika mkono, akasema pole, halafu akalipa nusu yake palepale. Benki, akaunti ya kampuni. Nilimsimamia.

Sasa niambieni: gari limepata mwenyewe, ofisi imepata hela, hasara iko wapi? Mzee akasema dola 200 ni faini ya kubadilisha jina huko Japan. Nikaomba karatasi ya hiyo faini. Naiomba mpaka leo. Hapo ndipo ninapowalaumu bila kumung'unya. Kama faini ipo, ina karatasi, na kama haina karatasi, ni bei ya kuniona sina kazi.

Kisha wakajaribu na mchezo wa kiwango. Dola ilikuwa imepanda. Fedha yangu wakataka kuirudisha kwa 2,480 niliyolipia, lakini zile dola 200 wazikate kwa 2,620 ya siku ile. Tofauti ni shilingi 28,000. Wengine mtasema ni hela ndogo. Ni kilo kumi za mchele wa Kyela. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikamwambia kijana nitaondoka hesabu ikiwa ya kiwango kimoja kuingia na kutoka. Nilikaa kuanzia saa nne mpaka saa nane kasoro. Wateja wakaingia, wakaniuliza nami nangoja gari? Nikawa nawajibu ukweli. Saa nane kasoro hesabu ikarekebishwa.

3,658,000. Waliniahidi "wiki ijayo" mpaka neno lenyewe likanichosha kulisikia. Milioni mbili ziliingia tarehe 21 Machi, 1,658,000 tarehe 11 Aprili. Wiki hizo zote, kila msururu wa magari ya IT, yale yanayopitishwa kwenda nchi jirani, uliopita barabara kuu kuelekea Tunduma nilikuwa naukodolea macho, kama mjinga, wakati la kwangu lilikuwa bado majini na halikuwa la kwangu tena.

Mradi haukurudi. Barua ilikuja Machi. NSSF walinilipa fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, na sasa natunza hesabu za mnunuzi wa parachichi Rungwe, mshahara nusu ya ule wa zamani, lakini parachichi za kula ni bure.

Kwa kuuza ningewapa tisa kwa kumi. Kwa mkataba mbili, nazo ni za picha ya gari. Kwa kurudisha hela tano, zote za dada wa hesabu. Mkienda, kabla hamjafungua pochi, waulizeni nikishindwa kabla ya meli mnakata kiasi gani, na waandike jibu kwa kalamu kwenye karatasi hiyohiyo. Kijana atacheka. Mwacheni acheke, mngojeeni amalize.

Gari nimeliona mara moja. Nilikuwa kwenye bajaji pale Sae, mvua inanyesha, turubai la pembeni limepasuka na linanipiga shavuni. Likatupita, vumbi la Chunya limegeuka tope mpaka kwenye vioo. Nesi hakuniona. Nikaangalia mlango wa nyuma. Ule mkwaruzo bado upo, na umepata mwenzake.